Nyama ya Kulungu na Swali Nililosahau Kuuliza

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa vijana wa kike na wa kiume baada ya swala ya tarawehe. Mzungumzaji aliishi Marekani, katika jimbo la Michigan, kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Mombasa. Tumeyaandika kama alivyozungumza, tukayafupisha kidogo. – Mhariri)



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, dada zangu, na wazee wetu mlioketi kule nyuma, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Mimi si shekhe. Kule Marekani nilikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na hapa nyumbani mwanijua kuwa ni mtu wa duka. Nilipoambiwa nizungumze juu ya chakula cha halali nikasema, jamani, mada hiyo ina wenyewe. Viongozi wa chama wakanijibu, "Basi tusimulie ile habari yako ya kulungu." Kwa hivyo leo nasimulia habari ya kulungu, na humo ndani kuna aibu yangu mwenyewe.

Kwanza niondoe shaka. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikaja na adhabu kali. Asitoke mtu hapa kesho akaenda Shimba Hills na upinde, akishikwa aseme mzee fulani alitusomesha. Habari yangu ni ya Marekani, na huko mwindaji hununua leseni, hupangiwa msimu, na mnyama wake lazima afungwe lebo.

Uwindaji wa kule

Nikisema kulungu, msimfikirie huyu wetu wa vichakani. Wa kule ana mkia mweupe kwa chini, akishtuka huuinua kama bendera, na dume huangusha pembe zake kila mwaka akaota nyingine. Wako wengi mno. Huko Michigan huwindwa mamia ya maelfu kila mwaka, na bado utawakuta barabarani usiku wakigongwa na magari.

Msimu wa bunduki wa Michigan huanza tarehe 15 Novemba na kumalizika tarehe 30. Siku ya kufunguliwa ni kama sikukuu. Viwandani watu huomba ruhusa, na shule nyingi za mashambani hufungwa.

Sasa, wengi wa wawindaji hao hawajui kuchuna wala kukata nyama. Akishampiga mnyama, humtoa matumbo palepale porini, humpakia kwenye gari, humpeleka kwenye bucha ya kulungu. Bucha hizi nyingi hufanya kazi hiyo msimu huo tu. Unafika, unapewa fomu, unatia alama: nataka steki kiasi gani, nyama ya kusaga kiasi gani, soseji ama nyama ya kukausha. Unalipa, unaondoka. Baada ya wiki mbili hivi unapigiwa simu, unachukua nyama yako imefungwa vizuri katika karatasi nyeupe.

Nami nikafanya hivyo hivyo.

Ramadhani ya mwaka 2002

Mwaka 2002 msimu wote wa bunduki uliangukia ndani ya Ramadhani. Rafiki yangu wa kazini, mzee mwenyeji wa huko, alikuwa ameshanifundisha kutumia bunduki na kunipeleka kwenye mafunzo ya usalama. Tarehe 15 ilikuwa Ijumaa, nikamwambia siwezi kuacha swala. Tukatoka Jumamosi usiku wa manane, baada ya daku, mwendo wa saa mbili na nusu kaskazini ya Lansing.

Nilikaa juu ya mti kutwa nzima na saumu yangu, baridi imenishika hadi mifupani. Magharibi huingia mapema mwezi ule, kama saa kumi na moja na robo jioni. Nilikuwa na tende tatu mfukoni, nazitazama saa, na kulungu dume akatokea. Nikasema Bismillahi, nikafyatua. Nilipomfikia bado ana roho, nikatoa kisu nikamchinja. Kisha nikala tende zangu nimesimama kwenye theluji. Wallahi sijawahi kuonja futari tamu kama ile.

Mambo yote niliyafanya kwa uangalifu mpaka hapo. Nilikuwa nimemuuliza imamu wetu kabla ya kwenda. Aliniambia nitaje jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kufyatua, na nikimkuta mnyama yu hai nimchinje. Vyote nilivitimiza. Kesho yake nikampeleka bucha, nikatia alama kwenye fomu, soseji nyingi kwa ajili ya watoto, nikarudi nyumbani kulala.

Usiku wa kuamkia ishirini na saba

Simu ya bucha ikaja tarehe 30 Novemba. Kesho yake, Jumapili, tukaalika watu kufuturu, maana usiku ule ulikuwa wa kuamkia ishirini na saba. Walikuja watu kumi na mmoja pamoja na watoto. Mke wangu alipika uji, kaimati, sambusa na viazi vya nazi. Mimi nikaoka soseji za kulungu, nikazileta mwenyewe kwenye sinia kwa majivuno.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kiyemeni, mtu mpole. Akaishika soseji akaniuliza, "Mnyama huyu nani alimchinja?"

Nikasema, "Mimi, kwa mkono wangu." Nikamsimulia yote, tende na theluji.

Akasema, "Mashaallah. Na soseji hii nani aliitengeneza?"

Nikanyamaza. Yule mzee hakusema neno jingine. Aliirudisha taratibu kwenye sahani, akachukua sambusa. Lakini wengine walikuwa wameshakula. Wanangu walikuwa wameshakula tatu tatu.

Asubuhi nikapiga simu bucha. Nikamuuliza yule bwana, "Ndani ya soseji zangu mliweka nini?"

Akanijibu bila kusita, "Nyama ya kulungu, chumvi, pilipili manga, na mafuta ya nguruwe. Kama kawaida."

Nikamuuliza, "Na hiyo nyama ni ya kulungu wangu?"

Akasema, "Ya soseji? Hapana, bwana. Tunakusanya vipande vya watu wengi mpaka mashine ijae, tukishatengeneza tunamgawia kila mmoja kwa uzani aliouleta."

Nikaitafuta fomu. Imeandikwa, tena kwa herufi zinazosomeka. Kulikuwa na sehemu ya kuchagua mafuta ya ng'ombe au ya nguruwe, na aliyeacha bila kuchagua angepata ya nguruwe. Mimi niliacha tupu.

Nataka mfahamu jambo hili, vijana. Yule bwana hakunidanganya. Nyama ya kulungu haina mafuta, ukiisaga peke yake soseji inakuwa kavu na kuvunjika, kwa hivyo mabucha huchanganya mafuta ya ng'ombe au ya nguruwe. Ndiyo desturi ya kazi yao. Kosa lilikuwa langu mimi niliyetaja Bismillahi porini, kisha mlangoni pa bucha nisiulize hata swali moja.

Nikapiga simu nyumba baada ya nyumba. Ni simu ngumu. Unamwambia mtu, ndugu yangu, nilikualika nyumbani kwangu usiku mtukufu, nikakulisha kitu chenye nguruwe. Wengine walinisamehe papo hapo. Mmoja alikata simu, na tukakaa mpaka Idd ya pili hatujasemezana.

Mbwa wa Adiy bin Haatim

Nilikwenda kwa imamu nimeinamisha kichwa. Akaniambia aliyekula bila kujua hana dhambi, na saumu zao ni sahihi, kwani walikula jua limeshazama. Kisha akanikalisha akanisomesha.

Akasema, kitabu chetu kimezungumza juu ya uwindaji, katika Suratul Maida. Na sahaba Adiy bin Haatim, aliyekuwa mwindaji, alikwenda kumuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mbwa wake wa kuwindia. Maana ya jibu alilopewa ni kwamba, ukimtuma mbwa wako uliyemfunza na ukataja jina la Mwenyezi Mungu, kula alichokukamatia. Lakini ukikuta mbwa wengine wamejiunga na wako, nawe hujui ni yupi aliyeua, usile, kwa sababu wewe ulitaja jina la Mungu juu ya mbwa wako tu, hukulitaja juu ya wale wengine.

Imamu akaniuliza, "Sasa ile mashine iliyojaa vipande vya watu wote, unaionaje?"

Sikuwa na jibu. Mimi nilimjua kulungu wangu. Wale wengine sikujua nani aliwapiga, kwa namna gani, wala walikaa siku ngapi kabla ya kuchunwa.

Malalamiko ya wawindaji

Baada ya hapo nikaanza kusikiliza wenzangu kiwandani. Kila msimu ukiisha, malalamiko ni yale yale: "Nilipeleka dume kubwa, nikarudishiwa nyama kidogo." "Steki zangu zina nywele." "Nimepewa nyama ya mtu mwingine."

Mengine ni ya kweli. Zipo bucha zinazopokea wanyama wengi kuliko mikono yao, wakarundikwa nje wakingoja zamu. Lakini mengine ni dhulma ya wawindaji wenyewe. Kulungu wangu alipotolewa matumbo alikuwa kilo 58, nikapata nyama chini ya nusu ya hiyo. Nikadhani nimeibiwa. Nilipokuja kujikatia mwenyewe nikaona hesabu ni ile ile. Ondoa kichwa, ngozi, miguu, mifupa, na nyama iliyoharibiwa na risasi. Kinachobaki bila mfupa ni kama nusu au pungufu. Nilikuwa nimeshamsema mtu wa watu kwa jambo asilolifanya, tena ndani ya Ramadhani.

Kisha kuna yule anayempiga kulungu asubuhi, akamzungusha juu ya gari kutwa nzima kuwaonyesha marafiki, jua linampiga. Nyama ikioza bucha ndiyo inalaumiwa. Nyama huanza kuharibika mnyama anapoanguka, na inataka kupozwa haraka.

Na bucha nzuri zipo. Nilimwona mmoja ambaye kila mnyama ana namba yake, kuanzia mlangoni mpaka kwenye karatasi, na mashine huoshwa kabla ya mwingine kuingia. Alitoza zaidi na alichelewesha zaidi. Watu waliomjua hawakumwacha.

Kisu mkononi

Mwaka uliofuata nikaamua kujikatia mwenyewe. Yule mzee wa kazini alikuja gereji kwangu usiku baada ya Isha. Tukamtundika kulungu kwenye boriti, tukamchuna. Akaniambia, "Tupa msumeno. Kata kwa kisu kidogo, na ufuate mahali nyama inapoachana yenyewe."

Ni kweli. Ukitazama vizuri, kila mnofu una utando wake. Ukipitisha ncha ya kisu kwenye utando, paja linafunguka vipande vipande bila kukata mfupa hata mmoja. Sarara, ile nyama laini ya mgongoni, inatoka mzima kama kamba. Mabega hayakushikwa na mfupa wa kiungo, ukiyainua yanaachia. Shingo na vipande vya mbavu ndivyo vya kusaga.

Mara ya kwanza nilimaliza karibu na daku, vidole vimekufa ganzi. Mwaka wa tatu nilimaliza kwa saa nne. Mke wangu alikuwa akifunga, binti yangu akiandika tarehe na jina la kipande, kijana wangu akizungusha mashine ya kusagia. Mafuta nilinunua ya ng'ombe, kutoka duka la halali la Dearborn, mji wenye Waislamu wengi karibu na Detroit. Tukafanya mishikaki, kababu, na pilau. Na mtu akiniuliza "hii nani kaitengeneza?" nilimwita binti yangu ajibu yeye.

Yule mzee wa Kiyemeni alikuja tena. Akala.

Risasi na ugonjwa

Nilidhani mambo yamekwisha, kumbe mwenye nyama hamalizi kuuliza. Mwaka 2008, katika jimbo la North Dakota, nyama ya kusaga ya kulungu iliyotolewa sadaka kwa maskini ilipigwa picha za eksirei, ikaonekana ina chembe za risasi. Serikali ya jimbo ikashauri nyama ile isigawiwe. Uchunguzi uliofanywa Minnesota mwaka huo huo ukaonyesha kwamba chembe za risasi ya madini ya risasi huruka mbali na jeraha kuliko watu walivyodhani, na kukata pale penye tundu peke yake hakutoshi. Kuosha kwa maji nako huzisambaza. Madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito.

Hebu fikirini, watu wametoa sadaka kwa nia njema kabisa, na ndani yake mna sumu. Nami niliikumbuka ile sinia yangu. Tangu hapo nikatumia risasi za shaba, na nyama iliyo karibu na jeraha nikaitupa bila huruma.

Kisha likaja la ugonjwa. Kuna maradhi yanayowakondesha kulungu mpaka wakafa, yaligunduliwa Colorado mwaka 1967, na leo yameingia majimbo zaidi ya 30. Chanzo chake ni protini iliyoharibika umbo, iitwayo prioni, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2015 akapatikana kulungu wa porini mwenye maradhi hayo karibu na Lansing, mlangoni kwetu. Hajathibitishwa binadamu aliyeambukizwa kwa kula, lakini wataalamu wa afya wanashauri mnyama apimwe sehemu zenye maradhi hayo, aliyekutwa nayo asiliwe, na ubongo na uti wa mgongo visiguswe. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini mzee aliniambia nitupe msumeno. Na shauri lao jingine ni kwamba, ukipeleka bucha, uombe mnyama wako atengenezwe peke yake, asichanganywe na wa wengine.

Nililisoma shauri hilo nikacheka peke yangu. Imamu alikuwa ameshaniambia mwaka 2002.

Na sisi hapa?

Mtasema, haya ni ya Marekani, sisi twanunua nyama yetu kwa jirani. Sawa. Lakini mwaka 2019 nchi hii yote ilishtuka televisheni ilipoonyesha nyama ikitiwa dawa ili ionekane mbichi dukani. Watu waliacha kununua kwa wiki chache, kisha wakasahau. Wangapi kati yetu waliwahi kumuuliza muuza soseji zimetengenezwa na nini? Tukiona neno "halali" ukutani twatosheka, kama mimi nilivyotosheka na Bismillahi yangu ya porini.

Siwaambii muwatuhumu watu. Kuuliza si kutuhumu. Muulize mwenye bucha kwa adabu: mnyama kachinjwa wapi, lini, mashine hii yasaga nini kingine? Mkweli atafurahi kukujibu. Na nyinyi vijana mnaofanya kazi bucha, hotelini, au mnaouza kababu na sambusa mwezi huu, jueni mmebeba amana. Mteja haioni mikono yenu, ameiamini tu.

Na jifunzeni kisu. Idd ya kuchinja ikija, kijana usisimame pembeni na simu unapiga picha. Shika mguu, chuna, jua figo liko wapi na sarara iko wapi. Wasichana pia. Binti yangu leo ana nyumba yake, na hakuna bucha inayoweza kumuuzia shingo akaambiwa ni paja.

Maswali machache

Kijana mmoja aliuliza: "Je, soseji zile ulizifanya nini?" Nilizitupa zote. Kwanza nilitaka kumrudishia yule mwenyeji aliyenipeleka kuwinda, yeye kwao ni chakula, lakini imamu akanishauri nisiwe mgawaji wa kitu hicho.

Dada mmoja aliuliza: "Ukiwa ugenini na huwezi kujikatia mwenyewe, ufanyeje?" Chagua nyama isiyosagwa. Paja au sarara nzima haina mahali pa kuficha kitu. Omba mnyama wako akatwe peke yake, na waandike hivyo kwenye fomu. Wakikataa, tafuta bucha nyingine.

Mzee mmoja aliuliza: "Na yule aliyekukatia simu?" Alhamdulillah, tulipatana. Siku ya Idd ya pili nilimpelekea paja la mbuzi. Akafungua mlango, akalitazama, akaniuliza, "Hili nani kalikata?" Nikamwambia, "Mimi." Akacheka, akanikaribisha ndani.

Mwenyezi Mungu (S.W.) atukubalie saumu zetu, atuepushe na haramu tunayoijua na tusiyoijua, na awape vijana wetu mikono yenye amana. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.